Risiti ya Kamalondo

Kwenye dirisha la pensheni waliniambia: rudi saa nane,
mwenye muhuri amekwenda kuzika.
Nikabaki barabarani Lubumbashi na bahasha ya baba,
miaka thelathini na mmoja ya tanuru
ndani ya karatasi sita,
na masaa manne yasiyo na mwenyewe.

Ndipo nikakumbuka: Kamalondo si mbali kwa miguu,
na Kamalondo ndiko alikoishi Placide Kapya.

Nyumba niliipita mara mbili.
Nilikuwa natafuta nyumba ya mtu mkubwa;
hii ni matofali ya kampuni, vyumba vitatu,
malata yenye kutu, mpapai, kamba ya nguo,
na kibao ambacho mvua imelilamba jina
likabaki ...cide Kap.
Mama Godelive, mpwa wake, alipangusa mikono yenye unga,
akapokea franka elfu mbili,
akaniandikia risiti kwenye karatasi ya daftari la hesabu:
Mtu mmoja. Kuangalia.

"Kitanda si chake," alisema kabla sijauliza.
"Chake tulikiuza mwaka wa njaa.
Mashine ya kuandikia tumeiazima parokiani,
wageni wanapenda kuona mashine.
Yeye aliandika kwa kalamu ya risasi, mezani hapa,
mke wake akishamaliza kupiga pasi."
Niliigusa meza. Kweli, kwenye kona moja
pasi ya makaa imeacha ulimi mweusi.

Lakini mimi nilikuwa nimelifuata dirisha.
Kila mtoto aliyesoma Likasi analijua lile dirisha:
mto unapita chini yake, mpana, wenye kelele,
unabeba maua ya watu wasiojulikana.
Mama, mwaka aliolazwa,
alinisomesha ukurasa ule mpaka ukachanika,
akisema ubaridi wake unamshusha homa.

Nikafungua mbao.
Ukuta.
Ukuta wa jirani, hatua mbili kutoka puani,
misumari mitatu, sufuria lililotoboka,
na chini, mfereji wa maji ya sabuni
usiotosha kulowesha kiatu.

Mama Godelive akacheka, si kwa ubaya.
"Wote mnasimama hivyo hivyo.
Mmoja alitoka Kolwezi akadai arudishiwe pesa."
Halafu akashusha sauti, ingawa tulikuwa peke yetu:
"Nyuma ya huo ukuta, zamani,
jirani alikuwa akimpiga mkewe kila siku ya mshahara.
Mjomba hakuwa mtu wa kugombana.
Alitafuta kitu chenye kelele zaidi."

Sikujua niweke wapi macho.
"Na yule mke?"
"Alihamia Kipushi. Kusoma hakujua."

Simu ikalia. Mama.
"Mto umeuona?"
Nikainama dirishani. Povu moja la sabuni lilikuwa likija,
likakwama kwenye ganda la karanga,
likazunguka, likajinasua.
Ningeweza kumwambia. Alikuwa akipumua kwa nguvu,
kama mtu aliyepanda ngazi ili aulize swali hilo.
"Nimeuona," nilisema. "Ila ni kiangazi, maji yamepungua."
"Yatarudi," alisema. "Ngoja Novemba."

Mama Godelive alikuwa amegeuka,
anapanga upya vitabu vilivyokwisha kupangwa.

Saa nane na robo mwenye muhuri alirudi,
udongo mwekundu wa makaburini kwenye viatu.
Hakusoma kitu. Aligonga karatasi sita za baba,
akagonga na ya saba, ile ya daftari,
juu ya Mtu mmoja, juu ya Kuangalia:
IMEPOKELEWA.
Nikamwuliza malipo yatatoka lini.
Alipandisha mabega,
akachukua kipande cha gazeti
akaanza kusugua viatu.